Ualimu wa skuli ya msingi unasomewa nini? Jibu kwa msomaji wa Wete

Swali: "Assalaamu alaykum, Mwalimu, na shikamoo. Nakaa Wete, nimemaliza kidato cha sita na nimeomba nafasi ya stashahada ya ualimu wa msingi. Nyumbani kaka zangu wananicheka. Wanasema a-e-i-o-u na moja jumlisha moja hazina la kusomea. Mimi mwenyewe nina wasiwasi: nina haya mbele ya watu, hesabu zinanitisha, na sijui mazoezi ya kufundisha yakoje. Naomba unieleze nitarajie nini, na nijitayarishe vipi kabla chuo hakijafunguliwa."

Jibu: Wa alaykum salaam, mwanangu, na marahaba.

Nianze na kaka zako, kwa sababu maneno kama yao yamewarudisha nyuma vijana wengi waliokuwa na kipaji cha kazi hii. Waandikie kwenye karatasi 42 toa 17. Watakujibu 25 papo hapo. Kisha waambie yuko mtoto wa darasa la pili aliyeandika 35, na uwaombe wakueleze kaipataje. Watasema hakusikiliza, au kabahatisha. Hakubahatisha. Alipofika kwenye mamoja aliona 2 juu na 7 chini, na yeye anajua kwamba namba ndogo hutolewa katika kubwa, basi akatoa 2 katika 7 akapata 5. Akenda kwenye makumi, 4 toa 1, akapata 3. Ana kanuni yake na kaifuata kwa uaminifu. Mpe 61 toa 28, atakuandikia 47.

Asiyesomea kazi hii ataweka alama ya kosa kwa wino mwekundu, atarudia kwa sauti kubwa zaidi "kopa kumi kwa jirani", na kesho mtoto ataandika 35 ile ile. Aliyesomea atamwita karibu amwambie, "Hebu nioneshe ulivyofanya." Akishaona njia aliyopita, atatoa chelewa, vile vijiti vya kuti la mnazi: mafungu manne ya kumi kumi yaliyofungwa kwa ukindu, na chelewa mbili pembeni. "Nipe chelewa saba." Mtoto atazitazama zile mbili, atanyamaza, atayatazama mafungu. Mwache. Usimwambie kitu. Baada ya muda mkono wake mwenyewe utakwenda kufungua fungu moja, na hapo neno "kukopa" litakuwa limepata mwili. Baada ya hapo ndipo mnarudi kwenye daftari.

Hicho ndicho kinachosomewa. Jibu la 25 unalo tangu utotoni. Chuo kinakufundisha kuiona 35 ilikotoka, na kujua la kufanya ukishaiona. Ukiingia chuoni na wazo hilo, masomo yote yatakaa mahali pake. Ukiingia ukidhani unakwenda kurudia ya darasa la pili, mwezi wa kwanza utakuchosha na wa pili utakuchanganya.

Masomo yenyewe ni mengi kuliko watu wanavyofikiri, maana mwalimu wa msingi habebi somo moja au mawili kama mwenzake wa sekondari. Utasoma mbinu za kufundisha Kiswahili, Hisabati, Sayansi, Kiingereza na mengineyo, na pamoja nazo saikolojia ya elimu, misingi ya elimu, upimaji na tathmini, ushauri nasaha, TEHAMA na elimu mjumuisho, yaani kuwafundisha pamoja watoto wote, wenye ulemavu na wasio nao. Hili la mwisho lichukulie kwa uzito. Ndilo litakalokufanya utambue kwamba yule mtoto anayenakili kwa jirani kila siku pengine si mvivu wala mwizi wa majibu, bali haoni ubao. Kumsogeza kiti cha mbele kunaweza kumbadilishia mwaka mzima, na hakugharimu hata senti.

Saikolojia ndilo somo ambalo wanachuo wengi hulihifadhi kwa ajili ya mtihani na kulisahau siku ya pili yake. Inanisikitisha kila ninapoliona hilo. Utakutana na Jean Piaget wa Uswisi na Lev Vygotsky wa Urusi, wote wawili wazaliwa wa 1896, na utatakiwa kueleza nadharia zao za namna mtoto anavyofikiri na kujifunza. Usiziache kwenye madaftari. Chukua gilasi mbili zilizo sawa, tia maji sawasawa mbele ya mtoto wa miaka mitano, mwenyewe akubali kwamba yamelingana. Kisha ya gilasi moja yahamishie kwenye gilasi nyembamba na ndefu, umuulize wapi kuna maji mengi. Aghlabu atakuonesha ile ndefu, ingawa kakuona kwa macho yake ukiyahamisha. Ukishalishuhudia hilo utafahamu kwa nini darasa la kwanza halifundishwi namba kwa kuandika ubaoni peke yake, na kwa nini mkufunzi wako atakuuliza kila mara, "Zana yako iko wapi?" Zana si lazima iwe ya kununua. Komwe za bao, vizibo vya soda, kokwa za embe na hizo chelewa zinatosha kwa sehemu kubwa ya hesabu za madarasa ya chini.

Kwenye kusoma, mambo ni mazito zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Kiswahili chetu kinasomeka kwa silabi, na herufi zake zina utulivu, kwa hiyo mtoto aliyeshika ba-be-bi-bo-bu huenda mbele kwa kasi mpaka akutane na mbwa, ng'ombe, chwa, na nyumba. Hapo wengi hukwama, na mwalimu asiyejua mpangilio wa kuzifundisha herufi mwambatano hudhani mtoto kapumbaa ghafla. Utafundishwa mpangilio huo.

Lakini kuna jambo jingine ambalo hapa kwetu linahitaji jicho la pekee. Watoto wengi wa Unguja na Pemba wanakwenda chuoni kwa maalimu, yaani chuo cha Kurani, kabla ya skuli au sambamba nayo, na wana uwezo wa kuhifadhi unaoshangaza. Ni neema kubwa, usije ukaidharau. Ila mtoto huyo huyo anaweza kukusomea ukurasa mzima wa kitabu cha darasa la kwanza kwa mahadhi mazuri, bila kosa, na asiwe amesoma hata neno moja. Mtazame kidole. Kidole kiko mstari wa pili na mdomo umeshafika wa tatu. Kausikia ukurasa kwa wenzake, kaushika. Basi chukua kipande cha karatasi, funika mstari, uache neno moja la katikati, umuulize hilo ni neno gani. Au andika ubaoni sentensi ile ile ukibadilisha jina, pale palipokuwa na Baba uweke Bibi, usikilize atasema nani. Usimuaibishe mbele ya wenzake. Umeshajua alipo, anza naye hapo. Nimewaona wanafunzi waliofika darasa la nne kwa njia hii, na kuwarudisha kutoka huko ni kazi ngumu mno kuliko kuwagundua mapema.

Sasa haya zako. Zisikuzuie. Kabla hujapelekwa skuli yoyote mtafundishana wenyewe kwa wenyewe chuoni: unasimama mbele ya wenzako wanaojifanya wanafunzi wa darasa la tatu, mkufunzi kakaa nyuma, na una dakika chache za kufundisha jambo moja. Mara ya kwanza magoti yatacheza. Hiyo ni kawaida, hata kwa wale wanaopiga kelele sana dakhalia, yaani bwenini. Utarekebishwa mambo madogo madogo ambayo hakuna aliyewahi kukwambia: usizungumze ukiutazama ubao, andika herufi kubwa ionekane na aliye nyuma, simama ubavu ubavu usiyafunike maandishi, uliza swali kwanza ndipo utaje jina la wa kujibu, halafu subiri. Kusubiri ndiko kunakowashinda wengi. Kwa uzoefu wangu, wenye haya hulipata hilo mapema kuliko wasemaji, kwa sababu wamezoea kusikiliza, na darasa la watoto wadogo linamtaka mtu anayesikiliza.

Jitayarishe kwa andalio la somo. Hili litakula usiku wako. Kuna muhtasari wa somo, unatoa humo azimio la kazi la muhula, na kutoka kwenye azimio unaandika andalio la kila kipindi: umahiri unaokusudiwa, shughuli za mwalimu, shughuli za mwanafunzi, zana, tathmini. Wanachuo hulalamika kwamba ni karatasi tu. Lakini ukiandika "mwanafunzi aelewe kutoa", mkufunzi atalichora, na ana haki, maana utajuaje kama kaelewa? Andika "mwanafunzi aweze kutoa namba za tarakimu mbili kwa kufungua kumi moja", na papo hapo unajua utampa swali gani mwisho wa kipindi na utatafuta nini kwenye daftari lake. Mtaala wa umahiri unaotumika sasa umelikazia jambo hili hili: kinachopimwa ni anachoweza kukifanya mtoto, na si kurasa ulizomaliza wewe.

Mazoezi ya kufundisha ndiyo yatakayokuonesha kama kazi hii ni yako. Utapelekwa skuli, utakabidhiwa kwa mwalimu mwenyeji na utapewa vipindi vyako. Fika mapema, kajitambulishe kwa mwalimu mkuu kwa adabu, na kwa siku za mwanzo omba ukae nyuma ya darasa umtazame mwenyeji wako akifundisha, hata kama hukuamrishwa. Andika majina. Mtoto unayemwita kwa jina lake siku ya tatu ni mtoto mwingine kabisa.

Skuli zetu nyingi zina mikondo miwili, asubuhi na mchana, wanaingia hawa wakitoka wale. Maana yake chumba si chako. Chati uliyoibandika asubuhi unaweza kuikuta imechanika kesho yake, kwa hiyo tengeneza zana unazoweza kuzikunja na kuondoka nazo. Bajeti ya manila, gundi na maka peni iweke mapema, pamoja na nauli. Hizi ndizo gharama zinazowakamata watu katikati ya mazoezi.

Na darasa litakuwa limejaa. Tangu tarehe 23 Septemba 1964, Rais Abeid Karume alipotangaza elimu bila malipo, wazee wetu wameleta watoto skuli kwa moyo mmoja, na majengo yamekuwa yakiwafukuzia kwa nyuma. Skuli za ghorofa zilizojengwa miaka ya karibuni zimepunguza msongamano pahali pengi, lakini usitarajie watoto ishirini waliotulia. Katika darasa kubwa kuna njia, na utafundishwa: wagawe vikundi vya kudumu vyenye viongozi wanaobadilishana, sahihisha ukipita kati ya madawati wakati wanaandika badala ya kubeba rundo la madaftari nyumbani, na chagua kila siku watoto wachache utakaowasikiliza wakisoma mmoja mmoja, ili katika wiki mbili uwe umemaliza darasa zima. Usiulize "Mmefahamu?" Watakujibu "Tumefahamuuu!" kwa sauti ya kutikisa mabati, na hujapata habari yoyote. Waulize swali.

Siku mkufunzi atakapokuja kukutathmini, pengine bila ya taarifa, utamwona kakaa nyuma na fomu yake. Wako wanaowafundisha watoto majibu siku moja kabla ili somo lipendeze. Sisi wakufunzi tunajua, mwanangu. Darasa ambalo mikono yote iko juu kabla swali halijaisha linajitangaza lenyewe. Mimi huridhika zaidi nikiona mtoto kakosea na mwalimu mwanafunzi kasimama, kalifikiria lile kosa, kauliza swali jingine.

Rejista ya mahudhurio usiichukulie kama kazi ya ukarani. Ukipangiwa kijiji cha mwani upande wa mashariki ya Unguja, utaona utoro unapanda na kushuka kwa mpango, mara mbili kila mwezi. Angalia bahari: ni bamvua, maji yanakupwa mbali, kina mama wako kwenye mashamba ya mwani, na watoto ama wako nao au wamebaki nyumbani na wadogo zao. Huko kwenu Pemba msimu wa karafuu unajua mwenyewe unavyofanya, na wavuvi wakienda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi mbali na kwao, wapo wanaofuatana na watoto. Mwalimu anayeijua kalenda hiyo haanzishi jambo jipya na gumu siku ambayo nusu ya darasa haipo, na anazungumza na mzazi kama mtu anayejua maisha yake. Asiyeijua huandika "mtoro" na kuishia hapo.

Jengine la kutarajia ni lugha. Mtoto wa Makunduchi, wa Tumbatu, au wa shamba kabisa huko Micheweni anakuja darasa la kwanza na lugha ya kwao iliyokamilika. Usimcheke wala usiruhusu achekwe. Mpokee, umjibu, na Kiswahili cha vitabu kiongezeke juu ya kile alicho nacho. Baadaye itakuja zamu ya Kiingereza: sera ya elimu ya 2006 iliweka Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na tangu hapo mwalimu wa msingi amehitaji kukijua vya kutosha kueleza sehemu na desimali bila kujikanyaga. Kama chako kimelegea, anza kukishughulikia sasa.

Kuhusu bakora nitasema wazi. Utakutana na walimu wazoefu watakaokwambia kwamba darasa kubwa haliendi bila fimbo, na pengine utaikuta iko juu ya meza. Chuoni utafundishwa adhabu mbadala na namna ya kujenga nidhamu kwa taratibu zinazojulikana na kila mtoto: wanaingiaje, wanaomba ruhusa vipi, nani anagawa madaftari, nini kinafuata mtu akivunja walichokubaliana. Yashike hayo. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto tangu 2011 inayomlinda mtoto dhidi ya ukatili, lakini hata isingekuwepo, rudi kwa yule wa 35. Ukimchapa kwa jibu lile hatokuonesha tena alivyofanya. Ataficha daftari, atanakili kwa jirani, na wewe utakuwa umeifunga njia pekee ya kumsaidia.

Hesabu zinakutisha, umesema. Nimewafundisha wengi waliokuja na khofu hiyo, na baadhi yao wamekuwa walimu wazuri wa Hisabati katika madarasa ya chini, kwa sababu hawarukii hatua. Aliyeona hesabu ni nyepesi tangu mwanzo mara nyingi hajui kwamba hapo katikati pana kitu cha kueleza. Lakini khofu hiyo usiende nayo darasani bila ya kuishughulikia, maana watoto huinusa. Sehemu, desimali, asilimia na maumbo lazima uzijue mpaka uweze kuzieleza kwa njia mbili tofauti.

Kuhusu chuo gani, sitakuchagulia. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kina Nkrumah pale Beit-el-Ras, ambako walimu wengi wa visiwa hivi wamefundwa, na kina kampasi ya Benjamin Mkapa huko huko Pemba. Ukibaki Pemba utapunguza gharama za kukaa. Ukivuka kwenda Unguja utajifunza kuishi mbali na nyumbani, na hilo nalo lina faida kwa kazi ambayo inaweza kukupeleka popote. Sifa za kujiunga na ada zisome kwenye tangazo la mwaka wenyewe, si kwa maneno ya waliosoma zamani.

Ajira haiji na cheti. Utaomba kama wengine, na kusubiri kunaweza kuwa kurefu, kwa hiyo wengi huanza skuli za binafsi. Ukipata ya serikali, unaweza kupangiwa Kojani, Fundo, Makoongwe au Tumbatu, ukawa mtu wa kuvuka kwa chombo kila siku au wa kuhamia kabisa. Usikatae kwa haraka. Visiwani huko mwalimu hujulikana na kila nyumba, na mzazi unamkuta njiani bila ya kumwandikia barua. Na ukishaajiriwa masomo hayakomi: vipo vituo vya walimu, Unguja na Pemba, ambako walimu hukutana kwa mafunzo na kutengeneza zana. Hapo kwenu Wete kipo cha Mitiulaya.

Kabla chuo hakijafunguliwa, fanya haya. Tafuta vitabu vya Hisabati vya darasa la tano na la sita, uyafanye mazoezi yote, moja baada ya moja, na kila unapokwama andika ulikwama wapi. Jizoeze hati ya ubaoni hata ukutani kwa chaki. Na kila jioni wakishatoka chuoni kwa maalimu, kaa barazani na watoto wa mtaani kwenu, wawili au watatu wa darasa la kwanza na la pili, uwasikilize wakisoma na wakihesabu. Usiwafundishe bado. Kuwa na daftari dogo, na kila mtoto anapokosea andika alichosema au alichoandika hasa, kisha chini yake uandike unavyodhani alifikaje hapo. Daftari hilo nenda nalo chuoni, ulilete kwenye kipindi cha kwanza cha mbinu za kufundisha, na umuulize mkufunzi wako yale ambayo hukuweza kuyafumbua.